Kijogoo cha Subhan Kak

Dada yangu Zuna tumemzika msimu huu wa tufaha, na nilipomaliza kutia udongo wangu kaburini nikajisemea: Ghani, sasa kinywa chako kiko huru. Miaka yote hii neno limenikwama kooni mithili ya mwiba wa samaki, halimezeki wala halitemeki. Mpwa wangu Shaista angependa niendelee kunyamaza, na ameshanikanya. Lakini mimi ni mzee, meno niliyobaki nayo ni ya maonyesho tu, na watu wa kijiji chetu cha Drang wamemsema binti yule mpaka wakachoka wenyewe. Wacha na wao waambiwe.

Nianze na baba yake, maana mambo yote yalitokana na kidude chake.

Subhan Kak, mume wa dada yangu, alikuwa mfupi, mpana, mwenye mapaja ya mtu aliyezoea kubeba tangu utotoni. Kak ni heshima tunayompa mtu mzima, na yeye aliitwa hivyo hata na waliomzidi umri. Ujana wake aliumaliza kama wengi wetu, akivuta watalii kwenye sledi kule Gulmarg, mlimani kwenye theluji: mgeni amejifunika blanketi anatafuna lozi, wewe kamba begani unahema. Akaokota mbao za kutelezea zilizovunjika na kutupwa na wageni, akaziunga kwa waya na gundi, akajifundisha mwenyewe. Alianguka mpaka kijiji kizima kikamwona ana kichaa. Baadaye wageni wale wale walimtaka awaongoze nje ya njia zilizopigwa, kwenye theluji ya unga, ile laini isiyokanyagwa na mtu, inayokufika kiunoni. Siku moja nilimuuliza kuna raha gani mtu mzima kujizamisha kwenye baridi namna ile.

"Shemeji," akanijibu, "wewe umekula wali tangu uzaliwe. Kuna mtu amewahi kukuuliza unapata raha gani?"

Kitu alichokuwa nacho kuwazidi wenzake ni woga, na nasema hivyo kwa kumsifu. Aliuogopa mlima wa Apharwat kila siku aliyoupanda, na aliwafundisha vijana wauogope kama yeye. Mafunzo yenyewe yalianza mpunga ukishapurwa, kabla hata wingu la theluji halijaonekana. Uani kwake palikuwa na lundo la mabua ya mpunga, refu kuliko mtu. Aliwaamuru vijana wajirushe humo, walale chali, kisha wainuke. Jaribu uone. Mkono ukiukandamiza unazama mpaka begani, nawe unabaki kupapatika.

"Kak, hakuna pa kushika!" alilalama kijana mmoja, mtoto wa mwokaji mikate.

"Na theluji ikikumeza utaiambia hivyo hivyo? 'Samahani bibi theluji, hakuna pa kushika'? Pishanisha fimbo zako za kutelezea, kandamiza pale zinapokutana, kunja magoti, inuka. Mwokaji gani huyu asiyeweza kuinuka kwenye unga?"

Wenzake waliangua kicheko mpaka zamu yao ikafika.

Kisha aliwaegemeza ukutani, mapaja yamekunjwa kana kwamba wamekalia kiti, na kiti hakuna, wakae hivyo mpaka yeye amalize kiko chake cha maji. Alivuta polepole makusudi. Akimwona mmoja anatetemeka, alipuliza moshi wake juu akasema, "Paja linalotetemeka hapa, kule juu linaanguka. Na ukianguka kwenye unga tangu asubuhi, ikifika mchana huna nguvu ya kumwokoa hata paka."

Mwisho ilikuwa samadi. Hiyo ndiyo waliyoichukia kuliko yote. Samadi ya ng'ombe ilihamishwa kwa beleshi kutoka kona moja ya ua hadi nyingine, mbio mbio, kwa kupokezana, huku yeye anawapigia makofi kama anafukuza kuku.

"Kwani kuna nini humu, Kak? Dhahabu?"

"Humo amefukiwa mama yako," alisema bila kucheka. "Pumzi zinamwishia. Chimba."

Hapo kicheko kilikoma. Aliyefukiwa na theluji ana robo saa, pengine haifiki, na Subhan Kak alishachimbua watu wawili waliokwisha kuwa baridi. Aliwaambia kwamba miguu itawashusha wao, lakini mikono ndiyo itakayomtoa mwenzao, basi waione samadi ile kuwa ni ibada.

Shaista aliingia mafunzoni kwa mlango wa nyuma. Alitumwa alete chai ya chumvi, akaweka birika chini, akamnyang'anya mtoto wa mwokaji beleshi kwa sababu alikuwa anamchelewesha. Alikuwa mtoto wa pekee, na alichimba kuliko wavulana wote wa Drang. Kesho yake baba yake alimwekea beleshi lake mwenyewe.

"Nani atamuoa huyu, mapaja kama ya fahali?" Zuna alinung'unika.

"Atakayemuoa atavutwa sledi bure," mumewe akamjibu.

Sasa nifike kwenye kidude. Kila aliyepanda na Subhan Kak alijifunga kifuani, chini ya koti, kidude kidogo cha betri kinachotoa ishara kimya kimya muda wote. Mtu akifukiwa, wenzake wanageuza vya kwao vitafute, navyo hulia ti, ti, ti, upesi zaidi kadiri unavyomkaribia. Sisi tulikiita kijogoo, maana kikiwika ujue pana mtu. Pamoja nacho ulibeba fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na beleshi. Ukikosa kimoja hupandi naye, hata ungekuwa mtoto wa waziri. Kule kituo cha juu, gari la waya likishatushusha, alisimama akamkagua kila mmoja anavyopita mbele yake. Kisha aliyekuwa mdogo kuliko wote alimkagua yeye.

"Kinyozi hajinyoi," alisema kila mara, akijifungua koti.

Betri mpya ziliwekwa theluji ya kwanza ikianguka, na nyingine katikati ya baridi kuu. Zile zilizotolewa zilirithiwa na redio ya Zuna. Hapo dada yangu alikuwa na ufundi wake, na sidhani kuna nyumba isiyoujua. Betri ikichoka unaing'ata kidogo ibonyee, unaipanga pembeni mwa jiko la bati ipate joto, na redio inaimba tena. Zuna alikuwa na mwanya wa mbele, mwanya mzuri uliompatia mume, kwa hiyo betri zote za nyumba ile zilikuwa na alama yake: vibonyeo viwili na nafasi katikati.

"Mke wangu anafufua wafu," Subhan Kak alimtania.

"Na wewe nitakufufua," Zuna akasema, "ukiacha dharau."

Mwaka ule baridi kuu iliingia kwa hasira. Theluji ilianguka mfululizo mpaka barabara ya kushukia mjini Tangmarg ikafungwa, na madukani hapakuwa na mafuta ya taa wala kiberiti, sembuse betri. Wageni wawili, ndugu wa Kipolandi, walikuwa wamekwama hotelini wakisubiri mbingu zifunguke. Subhan Kak alitumia siku zile za kungoja kuwafundisha vijana kutafuta. Alizika kijogoo chake uani, wakakitafuta, akakizika pengine, wakakitafuta tena. Jioni alikiokota, akakitundika ukutani bila kukizima. Mtu aliyewagombeza wengine maisha yake yote kwa kusahau vitu hivyo, alisahau siku moja.

Asubuhi mbingu zilikuwa zimefunguka. Tulipanda watano: Subhan Kak, Shaista, wale ndugu wawili, na mimi niliyebeba mizigo. Kituo cha juu upepo ulikuwa unakata masikio. Alitukagua mmoja mmoja, kisha akafungua koti lake, na Shaista, aliyekuwa mdogo wetu, akasogeza cha kwake.

"Kinawika, baba. Betri je?"

Subhan Kak akainama akatazama. "Zimejaa karibu zote. Lo! Mimi jana nilidhani zimechoka, nikasema leo nitaaibika mbele ya wageni. Kumbe bado zina uhai."

"Kama wewe," binti akamtania.

"Kama mimi. Haya twende, kina bibi harusi."

Tulitembea ukingoni mwa mlima muda mrefu, mbao begani, upepo unatupiga ubavuni. Kwenye mteremko wa kwanza alichimba shimo akachungulia matabaka ya theluji, akayagonga kwa kiganja, akatikisa kichwa. Wageni walinuna, naye akajifanya hajui maana ya kununa. Akatupeleka kwenye mteremko mwingine usio mkali sana, juu ya miti ya mbetula, akachimba tena, akaridhika nusu. Kuridhika nusu kwake ilikuwa ni kushuka peke yake kwanza, sisi tusimame pembeni tumtazame, mpaka afike penye miti atupungie mkono.

Alishuka vizuri. Sijui mambo yale, lakini hata mimi niliona kuwa ni vizuri. Unga uliruka pande zote mbili za mabega yake, na nakumbuka mgeni mmoja alicheka kwa furaha. Kisha mlima ukaguna. Sauti nzito ya chini, tuliisikia kwa miguu kabla ya masikio, na ufa ukajichora juu yake kutoka upande hadi upande. Subhan Kak aligeuka mara moja akatutazama. Mteremko wote ukaondoka naye ukaingia bondeni.

Shaista alikuwa ameshafika chini mimi ningali natamka jina la Mungu. Alifanya kila kitu alichofundishwa, nashuhudia, na nitashuhudia hivyo siku ya kiama. Alitazama pale alipomwona mwisho. Akapaza sauti tuzime simu zisivuruge ishara. Akageuza kijogoo chake, wale ndugu wakageuza vyao, nami changu, tukajipanga tukashuka juu ya mabonge ya theluji.

Kimya. Vijogoo vinne vinatafuta, hakuna hata kimoja kilicholia.

Shaista alikipiga chake kwa kiganja. Akakinyang'anya cha mgeni akakiinua juu, akakishusha chini, akakimbia kulia, akakimbia kushoto. "Wika!" alipiga kelele. "Baba, wika! Baba, wika!" Sijawahi kusikia sauti kama ile tangu nizaliwe na sitaki kuisikia tena. Hatimaye akakitupa kijogoo cha mgeni kando, akaunga fimbo yake, akatupanga bega kwa bega, tukaanza kuchoma theluji hatua kwa hatua, kama vipofu. Mgeni mmoja aliteremka kutafuta msaada. Muda ulipita. Sitasema kiasi gani, kila mmoja wetu anajua ulizidi.

Fimbo ya Shaista ndiyo iliyomgusa, karibu na shina la mbetula. Alichimba kama ile samadi, sisi wawili hatukuweza kumfuata. Tulipomfikia baba yake, uso ulikuwa umetulia, na kando ya mdomo theluji ilishaganda kuwa barafu kutokana na pumzi zake mwenyewe. Kwa hiyo alipumua humo kwa muda, anatungoja. Shaista alimpulizia pumzi mpaka mimi nikamshika mabega. Nilisema, "Inna lillahi," akaacha.

Mgeni aliyebaki alikaa chini akatupa kisogo, analia. Shaista akafungua koti la baba yake taratibu, kana kwamba atamwamsha. Kijogoo kilikuwa giza. Akakifungua kwa kucha, betri zikamdondokea kiganjani.

Zilikuwa na vibonyeo viwili viwili, na nafasi katikati.

Meno yale tuliyajua sote wawili, mimi tangu tukigombania mkate tukiwa watoto. Betri iliyopashwa moto ni mwongo mkubwa. Inajaa ghafla, inakuonyesha uso mzuri asubuhi, na ikikutana na baridi inakufa bila kuaga. Redio ikizimika unasonya tu, unalala.

Shaista alivua glavu ya pili. Akatoa betri za kijogoo chake akazitia katika cha baba yake, kikawaka. Akakirudisha kifuani pa baba yake, akafunga koti vifungo vyote. Zile zenye meno akazitia mfukoni.

"Mjomba," alisema, hakulia hata kidogo. "Kilikuwa kinawaka. Mimi ndiye niliyechelewa."

"Una wazimu? Wewe umefanya kila..."

"Kilikuwa kinawaka."

"Shaista, watakumaliza! Unajua watu wa kwetu. Baba yako mwenyewe asingekubali..."

"Baba amekufa," akanikatiza. "Mama bado."

Waliokuja na machela walikuta kijogoo kinawaka. Wageni wale walijua hawakusikia sauti, lakini walilia, wakatukumbatia, barabara ilipofunguliwa wakaenda zao, na hapakuwa na mtu aliyewauliza.

Na kweli walimmaliza. Msikitini, dukani, kwenye foleni ya mkate wa alfajiri, habari ilikuwa moja: kijogoo kiliwika na binti hakusikia. "Mtoto wa kike na milima wapi na wapi?" "Alipagawa, akakimbia huku na huku." "Subhan Kak aliwafundisha vijana wa watu, akaja kufia mikononi mwa huyo." Waongozaji hawakumfukuza. Walimwacha tu asimame kila asubuhi kwenye baridi, wageni wakigawiwa wengine, mpaka akajifukuza mwenyewe. Mimi nilikunywa chai na watu hao, nikawachukia kikombe kwa kikombe.

Siku ya nne ya matanga dada yangu aliniita jikoni. Alikuwa amekaa karibu na jiko la bati, kikapu chake cha makaa ya kujipashia joto miguuni, joho limemzidi mwili.

"Ghani, wewe ulikuwepo. Kile kidude kilikuwa kinawaka mlipomtoa?"

"Kilikuwa kinawaka, dada."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi. Basi nikwambie siri yangu. Asubuhi ile niliamka kuswali nikaona kinakonyeza taa nyekundu, alikisahau usiku kucha. Betri za dukani hakuna. Nikachukua zile zake na za redio, nikazing'ata, nikazipasha vizuri kwenye kitambaa, nikamwekea zilizo bora. Sikumwambia, nilijua atanitania. Akakiwasha akaona zimejaa, nilimwona anatabasamu. Ndicho kitu cha mwisho nilichomfanyia mume wangu, Ghani. Hicho ndicho kinachonishikilia."

Nilitazama jiko. Nilitamani dari iniangukie.

"Sasa niambie," aliendelea, na sauti ikabadilika. "Kama kilikuwa kinawaka, mtoto huyu alikuwa anafanya nini?"

Nilisema theluji ilikuwa nyingi. Nilisema upepo. Nilitafuna maneno mpaka yakaniishia, naye akanitazama kama mtu anayenunua kitambaa kibovu. Tangu siku ile Zuna hakumwita tena binti yake kwa jina. "Mwambieni chai imeiva." "Muulizeni kama ng'ombe wamekamuliwa." Wawili chini ya dari moja, na mimi nikawa mkalimani wao. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani, bila kupunguza sauti, "Ningekuwa na mwana wa kiume, leo ningekuwa na mume." Shaista alikuwa anaosha vyombo mlango wa pili. Aliendelea kuviosha.

Nilimfuata uani kwenye lile lundo la samadi, nimeghadhibika.

"Leo namwambia. Siwezi tena. Unaliwa mzima mzima kwa kosa lisilo lako!"

"Unajua anavyoamka, Mjomba?" alisema. "Kila alfajiri anaswali, anakaa, anasema, 'Angalau nilimpashia betri.' Kila alfajiri. Ndiyo fimbo anayotembelea. Nenda basi, kampokonye."

"Na wewe utembelee nini?"

"Mimi nina mapaja ya fahali," akasema, akataka kucheka, hakuweza. Nikamshika mkono, tukalia pale pale kwenye samadi, mzee na binti.

Sikwenda kusema. Mnaweza kuniita mwoga.

Mpunga ulipopurwa tena, Shaista alipanga mabua uani vile vile alivyopanga baba yake, akajirusha humo peke yake, akainuka, akajirusha tena. Alikaa ukutani bila kiti, bila mtu wa kuvuta kiko. Alihamisha samadi kona hadi kona. Watu walipita barabarani wakicheka. Zuna alimtazama dirishani, wala hakufunga pazia. Baada ya siku kadhaa mtoto wa mwokaji alisimama langoni, kofia mkononi.

"Dada Shaista, naomba na mimi beleshi."

"Lako liko pale pale. Na ulilirudisha chafu."

Huyo kijana alikuwa ameanza kuongoza wageni, na theluji ilipokuja aliwaambia wenzake wazi kuwa nje ya njia hapandi bila Shaista. Hivyo ndivyo alivyorudi.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kumchukua. Nilimkuta mlangoni, kijogoo kifuani, beleshi mgongoni, anafunga viatu. Zuna alikuwa jikoni, ameinamia jiko.

"Shaista," aliita.

Binti aliinua kichwa kama aliyepigwa. Jina lile halikuwa limetamkwa na mdomo ule tangu siku ile ya nne ya matanga.

"Njoo hapa, mwanangu. Kaa." Zuna alimshika uso kwa mikono miwili. "Nilikukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nikaugua. Lakini nimekuona uani, unachimba peke yako, nikasema, huyu anataka kulipa. Ulikuwa mtoto tu. Uliogopa, mikono ikakukataa, ukachelewa. Ni nani asiyekosea? Nimekusamehe, mama. Baba yako naye amekusamehe, mimi namjua."

Nilifungua kinywa. Shaista alinitazama juu ya bega la mama yake, jicho moja tu, nikakifunga.

Akainama akabusu mikono yote miwili ya mama yake. "Asante, mama," alisema.

Dada yangu alilia kidogo, akajifuta na ncha ya ushungi, akanyoosha mkono pembeni mwa jiko akachukua kifurushi cha kitambaa. "Na hizi. Nimezipasha tangu alfajiri. Zimejaa kama zile za baba yako. Sitaki upande bila mkono wangu."

Shaista alizipokea. Nilimwona anapitisha kidole gumba juu ya vibonyeo vile. Akafungua kijogoo chake mbele ya mama yake, akatoa betri mpya, akatia zile, akawasha, akamwonyesha.

"Zimejaa, mama."

"Si nilikuambia?"

Tulipopita kona ya mwokaji, pale nyumba yao isipoonekana tena, alisimama kwenye theluji, akavua glavu, akarudishia zile mpya. Za mama yake akazitia mfuko wa ndani, zikiwa bado na joto. Alifanya hivyo kila asubuhi ya kupanda, majira yote ya baridi ambayo Zuna alikuwa hai, na kila mara alimshukuru.

Mara moja tu nilimuuliza inakuwaje mtu asamehewe asilolifanya, tena ashukuru. Aliniambia msamaha ule ulikuwa mzuri, mama aliutoa kwa moyo wake wote, na hakuwa na mwingine wa kumpa.

Basi, watu wa Drang, Zuna hayupo tena na mimi nimesema. Kijogoo kilikuwa kimezimika. Shaista hakuchelewa.